Kuomba marekebisho ya masomo ukiwa na ulemavu na unasoma uzamili mtandaoni

Masomo ya uzamili ya mtandaoni yamewapunguzia watu wengi wenye ulemavu mzigo wa ngazi, daladala na hosteli zisizofaa. Anayetumia kiti cha magurudumu akiwa Tabora anaweza kusajiliwa chuo cha Edinburgh au Arizona bila kutoka nyumbani kwake. Vikwazo havikuisha, vilibadilika sura. Sasa ni PDF iliyopigwa picha ambayo kisoma skrini (programu inayosoma maandishi kwa sauti) hakiwezi kuisoma, ni video ya saa nzima isiyo na manukuu (maandishi ya yanayosemwa), ni mtihani wa dakika 45 unaojifunga wenyewe muda ukiisha, ni semina ya saa nane usiku.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliye Afrika Mashariki anayesoma, au anayetaka kusoma, uzamili au uzamivu kwa njia ya mtandao, iwe ni katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo cha Kenya, au chuo cha Uingereza au Marekani. Kuna jambo moja ambalo nalisisitiza tangu mwanzo kwa sababu ndilo linaloamua mengi: ofisi ya chuo haina uwezo wa kutibu hali yako, ina uwezo wa kuondoa kikwazo. Anayeandika "nina uoni hafifu, naomba msaada" hujibiwa kwa maneno ya kutia moyo. Anayeandika "jaribio la wiki ya sita lina michoro isiyo na maelezo na muda wa dakika 60, nami nasoma kwa kukuza maandishi mara nne, naomba dakika 90 na michoro hiyo kwa faili tofauti" hupata jibu linalotekelezeka. Hatua zote zinazofuata zinakuandaa uweze kuandika sentensi ya namna hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Jua haki yako inatoka wapi

Sheria ya kutazama kwanza ni ya nchi chuo kilipo. Huna haja ya kuikariri, lakini kuitaja kwa jina katika barua hubadilisha namna barua inavyosomwa.

Kwa vyuo vya Marekani kuna sheria mbili: kifungu cha 504 cha Rehabilitation Act ya mwaka 1973, kinachokibana kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu, na sheria ya ADA (Americans with Disabilities Act) ya mwaka 1990, inayogusa vyuo vya umma na vya binafsi. Kwa Uingereza ni Equality Act ya 2010. Hii ina jambo zuri ambalo wengi hawalijui: chuo kinatakiwa kujiandaa mapema kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu kwa ujumla, si kusubiri mmoja wao alalamike. Kenya ina ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayotaja moja kwa moja haki ya kuzifikia taasisi za elimu na kutumia lugha ya alama na breli, pamoja na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Juu ya hizo zote upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu na wajibu wa kufanya marekebisho. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009.

Haki hiyo ina mipaka, na ni vyema kuijua kabla hujaomba. Chuo hakilazimiki kubadilisha kiini cha kozi. Kama kozi inapima uwezo wa kuchambua takwimu, hutaondolewa uchambuzi wa takwimu. Utabadilishiwa chombo au namna ya kuufanya. Vilevile chuo cha Marekani hakilazimiki kukununulia vitu vya matumizi binafsi kama miwani, shimesikio au kompyuta, wala kukulipia msaidizi wa nyumbani. Mkalimani wa darasani, manukuu ya video na vitabu vinavyosomeka ni mzigo wa chuo, na hawaruhusiwi kukutoza hata senti. Uingereza ipo posho ya serikali iitwayo Disabled Students' Allowance, lakini hiyo kwa kawaida ni ya wakazi wa huko. Mwanafunzi aliye Arusha asiitegemee. Aulize badala yake kama chuo chenyewe kina mfuko wake kwa wanafunzi wa kimataifa, kwa maana wajibu wa chuo chini ya Equality Act uko palepale.

Hatua ya 2: Kijaribu chuo kabla ya kulipa

Hatua hii wengi huiruka, kisha hugundua ukweli wiki ya tatu ya muhula, ada ikiwa imeshaingia.

Ingia kwenye tovuti ya chuo utafute ofisi inayohusika. Katika vyuo vya Tanzania na Kenya inaweza kuwa kitengo chini ya Mlezi wa Wanafunzi. Katika vyuo vya nje, andika neno Accessibility au Disability kwenye kisanduku cha kutafutia. Waandikie ukiwa bado mwombaji, uwaulize mambo matatu: wana utaratibu gani kwa wanafunzi wa mtandaoni walio nje ya nchi, wanahitaji vielelezo gani, na je, wanaweza kukupa ruhusa ya muda uingie kwenye kozi moja ya mfano. Kama wiki mbili zinapita bila jibu, umeshajifunza kitu kuhusu chuo hicho.

Ukipewa hiyo kozi ya mfano, ipitie kwa vifaa vyako vya kila siku. Kwa anayetumia NVDA, kisoma skrini cha bure kinachotumiwa na watu wengi huku kwetu, bonyeza H uone kama ukurasa una vichwa vya habari vya kurukia, au utalazimika kusikiliza kila kitu kuanzia juu. Bonyeza G kutafuta picha; ukisikia jina la faili lenye tarakimu ndefu badala ya maelezo, ujue hakuna aliyeandika maelezo ya picha. Tembea kwa Tab mpaka kwenye kitufe cha kuwasilisha kazi uone kama kinafikika bila kipanya. Kisha fungua makala mbili tatu. Mtu yeyote anayeona anaweza kukusaidia kwa jaribio dogo: aburute kipanya juu ya sentensi. Maneno yasipopigwa rangi, hiyo ni picha ya ukurasa, na kisoma skrini hakitapata neno hata moja ndani yake.

Kwa kiziwi, jaribio ni kufungua video ya mhadhara na kuyasoma manukuu kwa dakika tano. Manukuu yanayotengenezwa na mashine yenyewe hukosea hasa kwenye yale unayoyahitaji: majina ya wanazuoni, istilahi, tarakimu. Lafudhi ya mhadhiri nayo huyavuruga. Usikubali kuambiwa kwamba hayo yanatosha. Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani kilizishitaki Harvard na MIT mwaka 2015 kwa sababu ya video zilizowekwa mtandaoni bila manukuu au zenye manukuu mabovu. Harvard ilifikia makubaliano 2019 na MIT 2020, na vyote viwili vilikubali kuweka manukuu sahihi. Mhadhiri anayeona kwamba unaomba upendeleo aelezwe habari hiyo.

Hatua ya 3: Andika orodha ya vikwazo, kazi kwa kazi

Chukua muhtasari wa kozi. Tenga karatasi au faili yenye safu tatu: kazi ninayotakiwa kuifanya, kinachonizuia, kinachoweza kuondoa kizuizi. Pitia kila kazi: kusoma makala, kutazama mihadhara, kuchangia kwenye jukwaa la mijadala, kuhudhuria semina za moja kwa moja, kufanya majaribio, kufanya kazi za kikundi, kuandika tasnifu. Jiulize pia ilikuwaje shahada ya kwanza na sekondari: nini kilikusaidia na nini ulikivumilia tu.

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Asiyeona ahesabu muda, maana makala za picha zikipelekwa kugeuzwa kuwa maandishi zinaweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Aombe orodha ya usomaji wiki nne hadi sita kabla ya muhula kuanza. Kwa vitabu, Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu nakala zinazosomeka kwa wasioona kutengenezwa bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kuvushwa mipaka ya nchi. Kenya na Tanzania zote zimo, hivyo mkutubi anayekwambia kwamba hakimiliki inamzuia atajiwe mkataba huo. Hesabu ni suala jingine: fomula ndani ya PDF hurukwa au husomwa hovyo mpaka inageuka takataka, hivyo omba faili la asili alilolitumia mhadhiri, la Word au LaTeX. Katika takwimu, programu ya R ambayo huendeshwa kwa kuandika amri humfaa zaidi asiyeona kuliko programu za kubofyabofya menyu. Mtakwimu asiyeona wa New Zealand, Jonathan Godfrey, ametengeneza nyongeza iitwayo BrailleR inayoyageuza matokeo na grafu kuwa maelezo ya maneno. Kama kozi inalazimisha SPSS, mojawapo ya hizo za menyu, ombi la kuruhusiwa R ni la haki kabisa, kwa sababu kinachopimwa ni uchambuzi.

Mwenye ualbino au uoni hafifu mara nyingi hujiona si mlemavu wa kutosha, akakaa kimya. Huo ni unyonge anaojiongezea bure. Kukuza maandishi mara nne kunamaanisha kwamba skrini inaonyesha kipande kidogo tu cha ukurasa, na kila jedwali linalazimu kusogeza kushoto na kulia mpaka umesahau kichwa cha safu. Huo ni muda halisi unaopotea. Mwangaza wa skrini nao huchosha. Muda wa ziada, slaidi kutumwa kabla ya kipindi ili uzikuze kwenye kompyuta yako, na mapumziko ya macho katikati ya mtihani mrefu ni mambo ya kawaida kuombwa.

Kiziwi ana suala ambalo vyuo vya nje hulisahau. Lugha ya Alama ya Tanzania si ile ya Marekani, na ya Kenya nayo si ile ya Uingereza. Ofisi ya Marekani ikisema "tutakupa mkalimani", uliza: wa lugha gani? Kama hukukulia kwenye lugha yao ya alama, mkalimani huyo hatakusaidia. Pendekeza mkalimani wa hapa nyumbani anayefahamu Kiingereza, anayeingia kwenye Zoom kutoka Dar es Salaam au Nairobi na kulipwa na chuo. Vyama vya viziwi kama CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) vinajua nani anaifanya kazi hiyo vizuri. Kama unasoma Kiingereza kwa wepesi, njia nyingine ni mwandishi wa papo kwa papo, yaani binadamu anayechapa kila linalosemwa nawe ukalisoma sekunde chache baadaye. Omba pia wazungumzaji wataje majina yao kabla ya kuongea. Semina ya watu kumi na wawili wanaodakiana maneno humwacha nyuma hata mkalimani hodari.

Kwa mwenye selimundu, na wengine wenye hali zinazokuja na kuondoka, kikwazo hakiko kwenye kurasa, kiko kwenye kalenda. Maumivu yanaweza kukulaza hospitali siku tano bila kutoa taarifa. Usiombe "kuongezewa muda ninapoumwa", maana kila mhadhiri ataitafsiri anavyotaka. Omba makubaliano yenye tarakimu: kwamba ukituma ujumbe mfupi, wewe au ndugu yako, ndani ya saa 48 tangu kuugua, tarehe ya kuwasilisha inasogezwa kwa siku saba bila kutakiwa cheti kipya kila mara. Chuo kinaweza kupunguza siku, lakini angalau mnajadiliana juu ya kitu kinachopimika.

Mwenye kifafa aangalie saa. Kipindi cha saa moja jioni New York ni saa nane usiku kwetu kuanzia Machi hadi Novemba, na saa tisa usiku miezi iliyobaki. Kwa wenzake ni usumbufu. Kwake kukosa usingizi kunaweza kuleta degedege. Hapo tofauti ya saa inakuwa suala la ulemavu, na ombi la kutazama rekodi na kuchangia kwa maandishi badala ya kuhudhuria moja kwa moja lina msingi. Video zenye mwanga wa kumetameta zitajwe pia, kama daktari ameona zinahusika.

Mwenye ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) au shida ya kusoma na kuandika aangalie zaidi muda wa mitihani, ruhusa ya programu inayosoma kwa sauti, na kazi kubwa kugawanywa kwa tarehe ndogondogo. Asiyeweza kutumia mikono vizuri aombe kuandika kwa kuongea, na majibu ya kusema badala ya kuchapa.

Umeme kukatika na bando kuisha si ulemavu, hata kama vinauma. Viandikie barua tofauti kwa mratibu wa kozi. Ukivichanganya kwenye ombi hili, ofisi itashika hicho cha umeme na kuliacha la msingi.

Hatua ya 4: Tafuta vielelezo

Cheti cha daktari kilichoandikwa "mgonjwa ana tatizo la macho, asaidiwe" hakitoshi. Mwombe daktari aandike, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, mhuri na namba yake ya usajili: hali yenyewe kwa jina, imeanza lini na kama ni ya kudumu, inaathirije kusoma, kuandika, kukaa, kuona skrini au kuwa makini, dawa zinaleta nini, na yeye anapendekeza marekebisho gani. Mpelekee ile orodha yako ya safu tatu. Madaktari wetu wana foleni ndefu, na wengi hufurahi kukuta mtu amewarahisishia. Kama chuo ni cha nje, barua iwe ya Kiingereza tangu mwanzo ili usitafute mfasiri baadaye.

Kielelezo kingine chenye nguvu ni historia yako ya mitihani. Watahiniwa wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa. Kama uliwahi kufanya mtihani kwa utaratibu huo, omba shule yako ya zamani ikuandikie uthibitisho. Kwa ofisi ya chuo, mtu ambaye dola yake ilishamtambua ana hoja iliyokamilika nusu. Kwa Kenya, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hufanya kazi hiyohiyo, ingawa peke yake haielezi unazuiwa na nini darasani.

Hatua ya 5: Andika ombi

Liandike mapema, wiki sita kabla ya muhula ikiwezekana. Marekebisho hayarudi nyuma: alama uliyopata kabla ya kusajiliwa na ofisi hiyo kwa kawaida itabaki kama ilivyo. Na katika vyuo vya Marekani na Uingereza ni wewe unayetakiwa kujitokeza. Hata kama ulijaza kisanduku cha ulemavu kwenye fomu ya udahili, usidhani ofisi imeshajua unachohitaji.

Kwa chuo cha nyumbani, barua inaweza kuwa hivi:

Kwa Mratibu,
Kitengo cha Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu.

YAH: OMBI LA MAREKEBISHO YA MASOMO, MUHULA WA KWANZA

Ndugu Mratibu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Shahada ya Uzamili ya Elimu, namba ya usajili ______. Nina uoni hafifu unaotokana na ualbino. Nasoma skrini kwa kukuza maandishi mara nne, na baada ya kama dakika 40 macho huchoka.

Katika kozi ya Mbinu za Utafiti nimekutana na vikwazo vitatu. Makala sita kati ya kumi ni picha za kurasa, na nikizikuza herufi zinakuwa ukungu. Majaribio ya kila wiki ni ya dakika 30, muda ambao hautoshi kusoma majedwali kwa kukuza. Slaidi za semina huonyeshwa kwenye Zoom bila kutumwa, nami siwezi kuzikuza hapo.

Hivyo naomba makala hizo kwa maandishi yanayokuzika, dakika 45 kwa kila jaribio, na slaidi zitumwe siku moja kabla ya semina.

Nimeambatanisha barua ya daktari na uthibitisho wa marekebisho niliyopewa katika mtihani wa kidato cha sita. Jaribio la kwanza ni tarehe ______, kwa hiyo naomba kujibiwa kabla ya tarehe ______. Niko tayari kwa mazungumzo ya simu au Zoom.

Wako mtiifu,
______

Kwa chuo cha nje punguza urasmi wa salamu, lakini mpangilio uwe uleule: hali kwa sentensi moja, vikwazo, ombi, tarehe. Tuma kwa barua pepe hata kama mmeshaongea kwa simu. Mazungumzo ya simu yasiyo na barua nyuma yake hayana shahidi.

Kiasi cha muda wa ziada hutofautiana kwa desturi. Marekani mara nyingi ni nusu ya muda wote juu yake, Uingereza mara nyingi ni robo. Ukihitaji zaidi ya hapo, daktari wako aeleze kwa nini.

Hatua ya 6: Mazungumzo na ofisi, kisha wahadhiri

Ofisi itakuita kwa mazungumzo mafupi. Ongea waziwazi. Wengi wetu tumelelewa kutomsumbua mkubwa, na mtu akiuliza "unaendeleaje na masomo?" tunajibu "nzuri tu, nashukuru". Hapo ofisi itaandika kwamba huna shida. Fungua orodha yako uisome.

Mkikubaliana, utapewa barua inayotaja marekebisho yako. Kwa kawaida barua hiyo haitaji ugonjwa, na mhadhiri hana haki ya kukudai jina la hali yako wala cheti chako. Katika vyuo vingi ni wewe unayemtumia kila mhadhiri, na kila muhula mpya unaiomba upya. Itume wiki ya kwanza, na ongeza mistari miwili ya kueleza litakalotokea kwenye kozi yake hasa: "Mwalimu, barua yangu imeambatanishwa. Kwa kozi yako, maana yake ni kwamba majaribio ya Jumatano niongezewe dakika 15. Nitashukuru ukinithibitishia yamewekwa."

Sentensi hiyo ya mwisho ina sababu. Kwenye Moodle na Canvas, majukwaa ambayo vyuo vingi huendeshea kozi za mtandaoni, muda wa ziada haujiweki. Mara nyingi mhadhiri anatakiwa kuingia kwenye kila jaribio, kukutafuta kwa jina, na kukuwekea muda wako peke yako. Akiwa na majaribio kumi na mawili, kusahau moja ni rahisi sana. Fungua ukurasa wa jaribio siku mbili kabla, tazama muda ulioandikwa, na kama bado ni dakika 30, mwandikie siku hiyohiyo huku ukimpa nakala mratibu wa ofisi.

Hatua ya 7: Mitihani inayosimamiwa kwa kamera

Hili ni eneo linaloumiza watu zaidi, na huwa halitajwi kwenye barua mpaka siku yenyewe. Baadhi ya programu za kusimamia mtihani hufunga programu nyingine zote, na kisoma skrini au kikuza maandishi vinaweza kufungwa pamoja nazo. Nyingine humwekea alama ya kushuku mtu anayeangalia pembeni, anayesoma kwa sauti, anayeinuka, au asiyetulia mbele ya kamera. Mwenye ualbino ambaye macho yake huchezacheza na ambaye huinamia skrini, mwenye kisukari anayekula au kupima sukari katikati, asiyeona ambaye hatazami skrini kabisa: wote wanaweza kuripotiwa kama wadanganyifu.

Omba mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, mtihani wa majaribio usio na alama, kwa kutumia programu ileile na kompyuta yako ileile, angalau wiki moja kabla. La pili, kama programu inagoma, usimamizi wa binadamu kupitia Zoom, au aina nyingine ya kupima. Hakikisha tabia zako za kawaida mbele ya kamera zimeandikwa kwenye barua ya marekebisho, ili anayepitia rekodi ajue anachokiona.

Hatua ya 8: Tasnifu

Barua ya ofisi imeandikwa kwa ajili ya kozi. Tasnifu ina ulimwengu wake. Msimamizi wako anaweza kuwa hajawahi kuiona barua hiyo. Kaeni chini mapema mkubaliane maoni atayatoa vipi (maoni ya pembeni mwa Word husomeka kwa visoma skrini, mwandiko uliopigwa picha hausomeki), mtakutana kwa njia gani, na utetezi wa mwisho utafanyikaje. Kiziwi amkabidhi mkalimani sura za tasnifu wiki kadhaa kabla ya utetezi, kwa sababu istilahi za utafiti wako hazina alama za kawaida na lazima mzipange wawili ninyi. Kama hali yako inapunguza mwendo, uliza sasa hivi kuhusu ukomo wa miaka ya kumaliza na namna ya kuongezewa, kabla ukomo haujafika.

Hatua ya 9: Mambo yakikwama

Anza na mhadhiri, kwa barua fupi na ya heshima. Baada ya siku tano za kazi, nenda kwa ofisi ya marekebisho. Kisha kwa msimamizi wa sheria ya 504 au ADA ikiwa ni Marekani, au kwa utaratibu rasmi wa malalamiko ikiwa ni kwingine. Weka kila barua pepe kwenye folda moja, na kila mazungumzo ya simu yafuatishe kwa ujumbe: "Kama tulivyokubaliana leo..."

Nje ya chuo, Marekani kuna ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu, na malalamiko hupelekwa ndani ya siku 180 tangu tukio. Ofisi hiyo ilitangaziwa kufungwa vituo 7 kati ya 12 vya kanda Machi 2025, kwa hiyo usitarajie majibu ya haraka. England na Wales kuna mwamuzi huru wa malalamiko ya wanafunzi, ambaye humpokea mtu aliyekwisha kumaliza ngazi za ndani na kupewa na chuo barua ya kukamilika kwa utaratibu huo, ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya barua hiyo. Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko. Tanzania, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na vyama vya watu wenye ulemavu chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, vinaweza kukusindikiza.

Wakati malalamiko yanaendelea, usiache kuwasilisha kazi. Wasilisha ulichoweza kwa tarehe iliyowekwa, na kwenye ukurasa wa kwanza andika mistari miwili: kipi hukuweza kukifikia, na uliomba marekebisho yake tarehe gani.